Mayai ya Tezo na Salamu ya Hawe Kache

Mwaka wa 2009, nikiwa na miaka arobaini na mmoja, hoteli niliyokuwa nikipiga pasi mashuka pale Malindi ilifunga geti, na shida zangu zikaanza. Watu wakisimulia ujana wao huanza na miaka kumi na minane. Wangu mimi ulianza hapo, na anayetaka kucheka acheke sasa tuendelee. Kabla ya hapo sikuwa kijana wala mzee, nilikuwa mkono ulioshika pasi. Habari za kwetu, nani alinizaa na nani aliniacha, sitaziandika. Wanaohusika wanazijua, na wengine haziwahusu. Shule niliishia darasa la nne. Haya nimeyaandika mwenyewe, na makosa yaliyomo ni yangu pia, sikumpa mtu anisahihishie.

Kilichonikalisha chini ni hanga la Hawe Kache, mwezi uliopita. Hanga ndiyo matanga yetu sisi Wagiriama, na hawe ni bibi. Alikuwa bibi wa watu wengi na mwenye kiwanja chetu pale Tezo, na alikwenda akiwa mzee hasa, macho yamefifia lakini ulimi uko vilevile. Siku hiyo nilikuwa jikoni nje, kwenye moshi, nageuza wali wa waombolezaji, nikasikia nyuma yangu: "Dada Dama, bado unakoroga vitu ambavyo hujaambiwa ukoroge?" Sikugeuka mara moja. Sauti ile ningeijua hata nikiwa usingizini. Ni Mwikali, Mkamba wangu, amepanda basi kutoka Machakos usiku kucha, amenenepa, amevaa miwani na viatu vya kufunga kama mwalimu mkuu. Tulikumbatiana mwiko ukiwa mkononi, wali ukashika chini kidogo, na kabla hata ya kuulizana habari za watoto tukaanza kugombana juu ya mayai. Yeye husema nilisababisha mimi. Mimi nasema hakusababisha mtu. Basi naeleza nilivyoona mimi, naye akitaka aandike yake, elimu anayo.

Nilifika Tezo nikiwa na begi moja na pasi ya umeme. Hawe Kache alikuwa na vyumba viwili nyuma ya nyumba yake, ukuta wa mawe ya matumbawe, bati juu, na ule ukuta wa katikati haukufika kwenye bati. Fundi alichoka au mawe yalikwisha, sijui. Kwa hiyo chumba changu na cha jirani kwa macho vilikuwa viwili, kwa masikio kilikuwa kimoja. Nilisikia jirani akikohoa, akisali, akizungumza Kikamba kwenye simu na mjomba wake, sauti ya kukaripiwa haihitaji kutafsiriwa. Na jioni ya tatu nikasikia hivi, kwa Kiswahili, polepole, kwa kubembeleza: "Haya ingia. Ingia basi. Mbona leo unakataa na jana ulikubali? Usinifanyie hivyo bwana." Nikajisemea, makubwa haya. Msichana mdogo vile na mwanamume ndani, na Hawe Kache yuko hatua chache na masikio yake mazima. Nikaenda nikagonga, kwa sababu mimi si mtu wa kusikiliza nusu. Akafungua. Ndani hamkuwa na mwanamume. Palikuwa na meza, kompyuta ya kupakata iliyovunjika bawaba ikiegemezwa kwa tofali, waya, na kidude kidogo kama kiberiti kinawaka taa nyekundu.

"Unaongea na nani?"

"Na hii, mama."

"Mimi sikukuzaa. Niite dada."

"Naongea na hii, dada. Imekataa kushika."

Hiyo ndiyo siku niliyoiona adapta kwa mara ya kwanza, na kwa kuwa baadaye imenilisha miaka mingi, nitaieleza vizuri, maana watu hupita nayo karibu wasijue ni nini. Upande mmoja una waya wa USB unaoingia kwenye kompyuta. Upande wa pili una vitundu sita vya kuchomeka kwenye ubao mdogo wenye chipu. Chipu yenyewe ni kama mdudu mweusi mwenye miguu mingi, na ndani yake hamna akili yoyote mpaka umwekee. Adapta ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuchukua programu kutoka kwenye kompyuta na kuiingiza kwenye chipu. Ya pili, na hii ndiyo iliyonishangaza mimi, ni kuisimamisha chipu ikiwa katikati ya kazi yake, miguu hewani kama mchezaji wa ngoma aliyeambiwa tuli, ukaichungulia tumboni ukaona ilikuwa inafikiri nini. Mwikali aliisomea chuoni. Alikuja pwani kufanya kazi na kampuni iliyofunga vyumba vya baridi mahotelini. Hoteli zikalala, kampuni ikalala, yeye akabaki Tezo na kidude chake, anakifanyisha mazoezi ili asikisahau. Nilimuuliza mbona kinakataa. Akasema hajui. Nikatazama ile sehemu ya kuchomeka, nikaona kialama cha mshale ambacho hakikuelekea kialama cha ubaoni. Nikasema, "Si umeivalisha nyuma mbele?" Kumbe. Kesho yake nikaleta rangi yangu ya kucha, nyekundu, nikapaka tone upande wa kwanza wa adapta na tone upande wa kwanza wa ubao. Mpaka leo karakana yangu yote imepakwa rangi ya kucha.

Tulianza kula pamoja kwa sababu jiko lilikuwa moja. Mimi nilipika wari, sima yetu, na mchicha wa nazi, yeye alipika muthokoi, ile mahindi yao iliyotolewa maganda na maharagwe, inachemka mchana kutwa na bado unaitafuna kama unagombana nayo. Nilimwambia Wakamba wana meno ya farasi. Akaniambia sisi tukikosa nazi siku moja tunaandika wosia. Asubuhi, tukiwa na kitu, tulinunua mahamri na mbaazi barabarani tukala tumesimama dirishani, na yeye akinifundisha huku anatafuna: hii ni waya ya umeme, hii ya ardhi, hii ni ya kuizindua chipu, hii na hii na hii ndizo za kuongea. Sikuandika popote. Mtu aliyepiga pasi mashuka ya hoteli nzima akikumbuka ni lipi la chumba gani hashindwi na waya sita. Kulehemu alinifundisha siku moja tu. Chuma cha moto nakijua. Unakishika kwa huruma, hukai mahali pamoja, na hukikimbii. Yeye alitetemeka mkono, mimi sikutetemeka, na kwa upande wa programu mimi niliona minyoo tu kwenye kioo na yeye aliona maneno. Hatukuwahi kugombea kazi.

Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Tezo alikuwa mkwe wa Hawe Kache, mke wa mwanawe mkubwa, tukimwita Mama Riziki. Mwanamke mrefu, mdomo mwepesi, anapenda haki na anapenda zaidi ionekane kwamba anaipenda. Kikundi chake kilifuga kuku wa kienyeji na walikuwa na mashine ya kutotolea vifaranga waliyoletewa kutoka Nairobi, ikaungua ubao wake kabla haijatoa hata kifaranga mmoja. Ikabaki stoo, wakawa wanaweka vitunguu ndani. Jioni moja alikuja kuazima sufuria, akaona meza ya Mwikali, akauliza hivi vidude vinaweza kuamsha kabati la vitunguu? Mwikali akasema kabati liacheni na vitunguu vyake, tutawatengenezea jipya. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Akaendelea. Tulipata mwili wa friji bovu, balbu za kuleta joto, kipimajoto kidogo kama punje ya mchele, na chipu ya kusoma kile kipimajoto na kuwasha na kuzima balbu. Joto la kuku mama linajulikana, halipandi wala halishuki ovyo. Kazi yote ya chipu ilikuwa kuwa kuku.

Sasa nieleze tulichokuwa tumekiweka rehani. Mama Riziki aliweka sharti mbele ya wenzake wote: kikundi kitatoa mayai yao ya kujaza friji mara moja. Yakitotoa, tunapewa ile stoo iwe karakana, na yeye mwenyewe atatutangaza kwa vikundi vingine mpaka Mnarani ng'ambo ya daraja. Yasipototoa, hakuna mara ya pili. Kwa Mwikali hakuna mara ya pili ilikuwa na maana ya Kitui, maana mjomba alikwishamtafutia mahali pa kuuza dukani na alikuwa anapiga simu kila siku. Kwangu ilikuwa na maana ya Adu, kwenda kulima shamba la watu walionikaribisha kwa ukarimu na ambao wangenikumbusha ukarimu huo kila mvua ikinyesha. Nilikuwa nimechoka kuwa mkono wa mtu. Sikumwambia yeyote, lakini nilikuwa nimeamua kwamba mayai yale yangetotoa hata kama ingenibidi niyalalie mwenyewe.

Kitu kimoja hakikwenda sawa, nacho ni salamu. Wiki ya kwanza ya friji Hawe Kache alikuja kwenye chumba cha Mwikali, kwa fimbo yake, taratibu, akapiga hodi. Mwikali alikuwa analehemu. Akasema "Shikamoo hawe" bila kuinua kichwa. Bibi yule hakuitikia marahaba. Alisimama pale mlangoni kama aliyepotea njia, akageuka, akaenda kukaa juani na uso ameufunga. Nilimkaripia Mwikali jioni hiyo mpaka jirani wa tatu akasikia. "Kwetu hapa salamu si neno la kutupa kama ganda la muwa. Mkubwa akifika, kilicho mkononi unakiweka. Unamtandikia mkeka. Unakaa. Unamuuliza alivyoamka, unauliza nyumba, watoto, mbuzi, shamba, miguu inamuumaje, na yeye anakuuliza vyako, na unajibu. Ukimaliza ndiyo mnaanza kuzungumza."

"Hata kama kuna kitu kinaungua?"

"Hata kama kinaungua."

Hayo nilisema, na ndiyo anayonishikia mpaka leo. Na mimi siyafuti. Kwa sababu mwezi uliopita, tulipomaliza kumzika Hawe Kache na watu wamerudi kula, nilimtafuta Mwikali nikamkuta bado makaburini. Alikuwa amevua vile viatu vya mwalimu mkuu, ameketi chini kwenye mchanga, na anamsalimu bibi kwa Kigiriama chake cha kuvunjika, kimoja kimoja. Mudzalamukadze, yaani umeamkaje. Nyumba je. Mbuzi je. Na baada ya kila swali alikuwa ananyamaza kidogo, kumpa mwenzake nafasi. Bibi kama huyo hufundishwi kumdharau hata na chuo. Nikarudi kwenye masufuria bila kumwita.

Turudi kwa mayai. Tuliyapanga ndani ya friji, chumbani kwa Mwikali, Mama Riziki akayapiga alama kila moja kwa makaa ili tusije tukayabadilisha, kama vile tulikuwa na mayai mengine. Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Balbu ziliwaka, zikazima, zikawaka, na mimi usingizini nilisikia ule mlio mdogo wa swichi, tik, tik, ukuta haukufika kwenye bati kama nilivyosema. Nikawa nalala kwa mlio huo. Kisha, mayai yakiwa yamefika katikati ya safari yao, likaanza tatizo la mchana. Jua likishapiga bati, namba za joto zinaruka ghafla, zinapanda, zinashuka, balbu zinababaika, kisha zinatulia zenyewe. Mwikali alisema tatizo kama hilo halitafutwi mashine ikiwa baridi, lazima ulikamate likiwa kazini. Kwa hiyo ikawa kila mchana anachomeka adapta, anangoja namba iruke, anabonyeza, chipu inasimama tuli, anachungulia tumboni haraka, anaiachilia iendelee. Alinieleza jambo moja kwa uzito: "Dada, ikisimama, imesimama na kila ilichoshika. Kama ilikuwa imewasha balbu, balbu inabaki imewaka. Yenyewe haijui kwamba wakati unapita." Nikasema kama watu wengine ninaowajua. Akasema, "Sicheki. Ni dakika moja tu, si zaidi."

Siku hiyo nilikwenda kisimani. Niliporudi na ndoo kichwani nilisikia sauti chumbani kwa Mwikali, nikasimama karibu na mlango. Hawe Kache alikuwa amekuja. Fimbo yake imeegemezwa ukutani. Na Mwikali, yule yule aliyetupa shikamoo begani, alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameikunja upande, mikono mapajani, anaendesha salamu kama aliyezaliwa Tezo.

"Na goti lile la kushoto, hawe?"

"Ah, goti. Goti lina siku zake, mjukuu wangu. Jana lilikuwa zuri mpaka nikalisahau."

"Na yule mbuzi mweupe aliyekataa kunyonyesha?"

"Nani kakwambia habari za mbuzi wangu?"

"Dada Dama."

"Dama mdomo wake hauna mlango. Amekubali, amenyonyesha. Nilimwimbia."

"Ulimwimbia wimbo gani?"

"Huo nikuimbie na wewe si mbuzi?" Wakacheka wote wawili, kile kicheko cha wanawake cha chini chini. "Na wewe kwenu, mama mzazi hajambo? Mvua Kitui imenyesha? Na huyo mjomba wa simu, bado anapiga kelele?" Kumbe hata yeye alikuwa anasikia.

Mimi niliyesimama nje, nawaambia ukweli, nilijaa. Nilishusha ndoo bila kelele nisiwakatishe. Nikafikiri, huyu nimemlea. Nikaacha waendelee, wakamaliza mbuzi, wakaingia kwenye mihogo. Na nikiwa nimesimama pale nimefura kama hamri kwenye mafuta, kitu kikaanza kunisumbua na sikujua ni nini. Sikukisikia, ndiyo shida yake. Ule mlio haukuwepo. Tik haikuwepo. Nikachungulia juu ya kichwa cha Hawe Kache, nikaona kile kidirisha tulichokikata kwenye mlango wa friji kinang'aa, kinang'aa moja kwa moja, hakipepesi. Mezani adapta imechomekwa, taa yake imetulia, na kwenye kompyuta ule mstari wa rangi unaoonyesha chipu imesimama wapi. Mwikali aliisimamisha ili achungulie, hodi ikapigwa, akaweka kilicho mkononi, akatandika mkeka. Kama alivyofundishwa.

Niliruka juu ya miguu ya mtu mzima bila hata kusema samahani, nikang'oa plagi ya balbu ukutani. Nikafungua mlango wa friji. Joto lililotoka lilikuwa joto la jikoni, si la kuku. Kipimajoto cha kioo tulichotundika ndani kilikuwa kimepita nyuzi arobaini na mbili. Mwikali alisimama, akatazama, akakaa tena chini palepale kwenye mkeka, mikono mdomoni. Hawe Kache, ambaye hakuwa ameelewa chochote, akauliza, "Kuna nini? Nimekanyaga kitu?"

Jioni ile tuliyatazama mayai moja moja kwa tochi, chumba kimefungwa giza. Yai lenye uhai ukiliangaza unaona mishipa myekundu kama mizizi, na ukingoja, kitu kinacheza ndani. Lililokufa lina kivuli tu na limenyamaza. Mimi nilishika yai na Mwikali alishika tochi, na hatukusema chochote zaidi ya "yuko" na "hayuko". Tuliyatenga kwenye beseni mbili. Beseni ya hayuko ikawa nzito. Beseni ya yuko nayo haikuwa tupu. Ndani ya kazi hiyo simu ya mjomba iliita ikaita, Mwikali akaizima. Nikamwambia kesho tunakwenda kwa Mama Riziki kabla hajaja yeye. Akasema, "Tutamwambia nini?" Nikasema tutamwambia yaliyotokea, uongo wa mashine sisi hatuujui vizuri, tutakamatwa.

Kikundi kilikaa stoo, kwenye magunia, pembeni ya lile kabati la vitunguu. Mwikali alieleza. Alieleza vizuri mno, kwa heshima, adapta, chipu, kusimama, mpaka Mama Riziki akamkata. "Mwanangu, nifupishie. Tuliwapa mayai mtutotolee, mmetuchemshia. Basi si mngetuita na chumvi?" Wanawake wakacheka, na kicheko kile kiliniuma kuliko matusi. Mwingine akasema kuku wake hana waya na hajawahi kuchemsha mtoto. Mama Riziki akainua mkono. Alisema sharti ni sharti, walilisikia wote, yeye hana ugomvi na mtu, lakini chumba cha stoo kitabaki stoo, na sisi tujipange kuondoka mwisho wa mwezi. Nilifungua mdomo. Sijui ningesema nini, labda ningeharibu. Ikagonga fimbo mlangoni.

Hawe Kache hakuwa mwanachama wa kikundi na hakualikwa. Aliingia, na wote wakasimama, shikamoo hawe, shikamoo, akaitikia mmoja mmoja bila haraka, akapewa kiti. Ndipo akamgeukia mkwe wake. "Nimesikia mnamfukuza msichana."

"Si kumfukuza, mama. Mayai yameungua."

"Yaliunguaje?"

Kila mtu alijua yaliunguaje.

"Aliacha kazi yake akanisalimu mimi. Alikuwa anajua yanaungua?"

"Alisahau, mama," Mama Riziki akasema.

"Alisahau kwa sababu alikuwa ananisikiliza. Wewe ukinisalimu husahau chochote. Sufuria yako haijawahi kuungua hata siku moja." Hapo hakucheka mtu, lakini niliona mabega ya wanawake wawili yanatikisika. Mama Riziki akatazama chini. "Yapo yaliyo mazima?" bibi akaniuliza mimi. Nikasema yapo. "Basi ngojeni hayo. Mkitaka kumwondoa mtu kwenye kiwanja changu kwa sababu ya salamu yangu, anzeni na mimi."

Tulipewa muda mpaka hayo yaliyobaki yatotoe. Mwikali alilikamata lile kosa siku ya pili yake: kiungo kimoja cha lehemu kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, bati likipata moto kinaachana, jioni kinashikana. Nikakilehemu upya mwenyewe. Tukaweka na sheria, kwamba chipu haisimamishwi kabla plagi ya balbu haijatolewa, na sheria hiyo kwangu haijavunjwa mpaka leo na anayeivunja anakwenda kwao. Lakini sheria iliyonifurahisha zaidi haikutoka kwetu. Kesho yake asubuhi tulisikia fimbo ikija, na kabla ya hodi, kabla ya shikamoo ya mtu yeyote, sauti ya Hawe Kache kutoka nje:

"Imesimama au inatembea?"

"Inatembea, hawe!"

"Haya. Hodi."

Bibi aliyegeuza mgongo kwa ajili ya shikamoo iliyotupwa begani, huyo huyo aliamua kwamba salamu yake itangoja mashine. Ikawa desturi ya kile kiwanja. Wanawake wa kikundi wakaishika, wauza samaki wakaishika, hata anayeleta mkaa anasimama nje anapaza sauti, imesimama au inatembea, ndipo apige hodi. Wageni hudhani tunaulizana habari za saa.

Yai la kwanza lilitoboka asubuhi, nikiwa nachemsha chai. Mama Riziki alifika muda huohuo, anatafuta sufuria yake, sufuria ambayo ilikuwa kwake. Akakaa. Hakuondoka. Tulitazama pamoja kwenye kidirisha, vichwa vitatu, hakuna anayepumua vizuri, maana kifaranga akitoboka huchoka, hupumzika, unadhani amekufa, kisha anasukuma tena. Walitoka. Si wote, hata nusu ya mayai ya mwanzo hawakufika, lakini walitoka wengi kuliko alivyotarajia yeyote baada ya ile beseni. Mama Riziki alimchukua mmoja aliyekauka, akamgeuza, akamtazama mpaka chini ya mkia.

"Huyu mguu umepinda."

"Huyo ndiye wako," nikamwambia.

Akamweka kifuani ndani ya leso. Akatazama friji, akamtazama Mwikali, akafuta jasho. "Ya pili mtengeneze kubwa kidogo," akasema. "Hii inajaa upesi." Basi, hilo ndilo lilikuwa tangazo lote. Vitunguu vilihamishwa alasiri hiyo. Mwikali alimpigia mjomba, na kwa juu ya ukuta nilisikia Kikamba kirefu, mara hii wa kukaripiwa hakuwa yeye.

Alikaa Tezo miaka mitatu zaidi, kisha akapata kazi ya kufundisha chuo Machakos, na nilimsukuma mwenyewe aende kwa sababu alizaliwa kufundisha. Programu alizoandika bado nazitumia. Kuandika programu sijui na sitajifunza sasa. Kuiingiza, kuisimamisha na kuichungulia najua, na ninapoona namba ambayo haieleweki nampigia simu, tunagombana, inaeleweka. Mwezi uliopita baada ya matanga nilimlaza chumba kile kile. Ukuta nimeujenga mpaka kwenye bati, akalalamika kwamba kumekuwa kimya mno.

Ninavyo hivi. Kiwanja cha vyumba vile viwili na ile stoo, nilikinunua kwa wana wa Hawe Kache yeye mwenyewe akiwepo, na hati ina jina langu. Nyumba ya vyumba vinne, bati la rangi ya kijani. Karakana yenye meza tatu na madirisha makubwa. Adapta mbili nzima. Ile ya kwanza ilipigwa na radi nikaitupa. Kompyuta moja, bawaba nzima. Paneli za sola tisa na betri zake. Mashine nane zangu zinazototoa, na mbili ziko mezani, ya mtu wa Mnarani na ya kikundi cha Adu, ambayo nitaipeleka na kuifunga mwenyewe Jumamosi. Pikipiki. Kuku siwahesabu. Mbuzi weupe wawili. Wasichana watatu ninaowalipa, kila mmoja analehemu kunishinda. Pasi nilimpa mtu.